Viungo Vinauma na Bawasiri Imekushika? Haya Ndiyo Lazima Ujue Kabla Umeze Brufen Ingine

Hii ni stori yenye hakuna mtu huanzisha kwa base. Msee atakuambia goti linamuuma, hata atakuonyesha vile vidole vimefura. Lakini umuulize kama ameona damu chooni, atageuza maneno na kuanza kuongea mambo ya Arsenal. Na hapo ndipo ngori huanzia, juu dawa ya viungo na bawasiri zikikutana kwa mwili mmoja, moja inaweza kuficha makosa ya nyingine hadi siku utaanguka.

Kwa hivyo leo tuongee bila aibu. Kama uko na ugonjwa wa viungo na unameza Brufen, diklofenaki au dawa zingine za familia hiyo, na huko nyuma pia kuna shida, hii ni yako. Kama ni mathe au buda wako anazimeza, soma halafu umpigie simu.

Na usijidanganye ati haya ni mambo ya wazee. Baridi yabisi ya kinga ya mwili, ile mwili unajishambulia wenyewe na kufurisha viungo, inaweza kukushika ukiwa na miaka 20 na kitu. Ile ya uti wa mgongo, yenye mtu huamka asubuhi akiwa amekakamaa kama mbao, mara nyingi huanza kabla mtu afikishe miaka 45. Jongo nayo, ile hushika kidole gumba cha mguu usiku baada ya nyama na pombe, haingojei mtu awe na wajukuu.

BAWASIRI NI NINI HASWA?

Kila mtu ako na mito midogo ya mishipa ya damu mwisho wa njia ya haja kubwa. Umezaliwa nayo, na kazi yake ni kusaidia kufunga hapo vizuri. Ikifura na kushuka ndio tunasema mtu ako na bawasiri, ile wengi mtaani huita pailsi.

Ziko za ndani na za nje. Za ndani mara nyingi haziumi. Zinatoa tu damu nyekundu, na zinaweza kujitokeza ukisukuma. Madaktari huzipanga kwa daraja 4: ya kwanza haitoki nje, ya pili inatoka na kurudi yenyewe, ya tatu lazima uirudishe kwa kidole, ya nne imekataa kurudi kabisa. Za nje ndizo huwasha na kuuma, na damu ikiganda ndani yake unapata uvimbe mgumu wenye unauma vibaya sana. Hiyo ikikushika, enda uonwe ndani ya siku 3 za kwanza, juu huo ndio wakati daktari anaweza kuipasua na upate nafuu haraka.

Na kama unaona aibu, jua hata mastaa hushikwa. Mwaka wa 1980 mchezaji wa besiboli wa Marekani, George Brett, alitoka uwanjani katikati ya mechi ya fainali za ligi yao juu ya bawasiri. Akafanyiwa upasuaji mdogo, akarudi mechi iliyofuata na kupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Nchi yote ilijua shida yake, na hakuna kitu kilimpata. Wewe unaogopa kumwambia daktari mmoja tu.

DAWA ZA UVIMBE ZINAFANYA NINI MWILINI?

Brufen haikutengenezewa kichwa cha Jumatatu. Mwingereza Stewart Adams na wenzake walikuwa wanatafuta dawa ya baridi yabisi yenye haina madhara mengi kama aspirini. Walipata ibuprofeni mwaka wa 1961, na ikaanza kuuzwa Uingereza kama Brufen mwaka wa 1969. Adams mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuimeza ili kutuliza kichwa cha pombe kabla ya kutoa hotuba. Kwa hivyo wewe wa kutoa loki na Brufen, hiyo idea si yako.

Kwa familia hiyo kuna ibuprofeni, diklofenaki ambayo wengi huita diklo, naproksini, indometasini, meloksikamu na aspirini. Zote hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo huleta uvimbe na maumivu kwa kiungo. Shida ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndizo hulinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi. Ukizizuia, goti linatulia lakini tumbo linabaki bila askari.

Ya pili, dawa hizi nyingi hufanya vile visahani vidogo vya damu vishindwe kushikana na kuziba kidonda. Aspirini ndiyo kali zaidi kwa hii: kisahani kikishaguswa nayo hakirudi sawa hadi kife, na kisahani huishi kama siku 7 hadi 10. Ibuprofeni nayo nguvu yake huisha ndani ya kama siku moja. Ndio maana bawasiri yenye ingetoa matone mawili inaweza kutoa damu nyingi na ikawie kuacha.

Kitu kingine watu hawajui: kula kwanza husaidia tumbo lisichome, lakini si kinga ya vidonda. Dawa ikiingia kwa damu inazunguka mwili wote, kisha inafika kwa tumbo ikitokea ndani. Hata ukidungwa sindano ya diklo kwa kliniki ya mtaa, au uwekewe kidonge huko nyuma, tumbo bado liko hatarini.

VILE MOJA HUITA NYINGINE

Dawa za uvimbe zenyewe hazisababishi bawasiri moja kwa moja. Kile huleta bawasiri sana sana ni choo kigumu na kujikamua. Lakini angalia vile mambo huunganika.

Diklo inakuchoma tumbo, unanunua dawa ya asidi kwa kemisti. Zile zenye alumini hukausha choo. Maumivu yakizidi unaongezewa tembe zenye kodini au tramadoli, na hizo hufunga choo kabisa. Umetoa damu mos mos hadi ikapungua, unapewa tembe za madini ya chuma za kuongeza damu. Hizo nazo hufanya choo kuwa kigumu. Magoti yanauma, kwa hivyo hutembei, na mwili usipotembea utumbo pia unalala. Mwisho wa siku unajikamua kila asubuhi, bawasiri inafura, na damu inatoka kwa urahisi juu bado uko kwa dawa.

Kama unatafuna miraa ama muguka, ongeza hiyo kwa hesabu. Inajulikana kukausha choo, na bawasiri kwa watafunaji si kitu kigeni. Pombe nayo ikikutana na dawa za uvimbe inaongeza hatari ya tumbo kutoa damu. Hiyo mbili usichanganye.

SOMA RANGI YA DAMU

Hapa ndipo maisha ya mtu hubaki ama hupotea, kwa hivyo soma pole pole.

Damu ya bawasiri kawaida ni nyekundu kabisa. Iko kwa karatasi, au imepaka choo kwa nje, au imedondoka kwa sinki ya choo. Ukiona damu nyekundu na maumivu makali kama umekatwa na wembe kila ukienda haja, inaweza kuwa mpasuko kwa ngozi ya hapo, si bawasiri.

Choo kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kinanuka vibaya kuliko kawaida, hiyo si bawasiri. Hiyo ni damu imetoka juu, kwa tumbo, ikasagwa njiani. Kwa mtu wa dawa za uvimbe, mshukiwa wa kwanza ni kidonda cha tumbo. Ukweli ni kwamba tembe za chuma pia hufanya choo kiwe cheusi, lakini kama uko kwa diklo usijipe moyo na hiyo. Wacha daktari aamue.

Kukimbia hospitali usiku huo huo, si kesho: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, damu nyingi yenye haikomi, maumivu makali ya ghafla ya tumbo, kizunguzungu cha kuanguka, jasho baridi, au moyo kupiga mbio ukiwa umekaa tu.

Kuna pia damu yenye haipigi kelele. Inatoka kidogo kidogo miezi mingi hadi mtu anaishiwa. Unaanza kupumua kwa nguvu ukipanda ngazi za keja, macho na viganja vinakuwa vyeupe, unachoka bila sababu. Hiyo ni upungufu wa damu, na kipimo chake ni cha dakika chache tu.

Kosa kubwa ambalo watu hufanya ni hili: mtu alishaambiwa miaka 3 iliyopita ako na bawasiri, sasa kila damu akiona anasema ni ile ile. Dawa za uvimbe zinaweza kuumiza hata utumbo wa chini na kuutoa damu. Saratani ya utumbo mpana nayo huanza hivyo hivyo, na vijana pia huipata. Kama damu inarudi rudi, kama choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, kama unapungua kilo bila kutaka, au kuna mtu kwa familia amewahi kuwa na saratani hiyo, lazima uangaliwe ndani. Kuwa na bawasiri hakukukingi na kitu kingine.

USIJIKATIE DAWA, NA USIJIONGEZEE

Ukiona damu unaweza kuogopa na kutupa dawa zote. Tulia kwanza. Dalili zile za hatari zikitokea, acha kumeza dawa ya uvimbe na uende hospitali na pakiti mkononi. Lakini kama ni damu kidogo nyekundu kwa karatasi, muone daktari wiki hiyo, na mpange pamoja. Aspirini ya kiasi kidogo yenye mtu alipewa juu ya moyo haifai kuachwa bila daktari, juu kuiacha ghafla kunaweza kuleta shida ya moyo. Steroidi kama prednisoloni pia haziachwi ghafla. Na zikimezwa pamoja na diklo, hatari ya vidonda inapanda sana.

Daktari ako na njia nyingi. Anaweza kupunguza kipimo, kukupea jeli ya diklofenaki ya kupaka kwa goti ama vidole badala ya tembe, au kuongeza omeprazoli ya kulinda tumbo. Anaweza kukupima bakteria ya H. pylori, juu hiyo ikiwa tumboni na wewe unameza diklo, vidonda vinakuja haraka. Kuna pia selekoksibu na etorikoksibu, ambazo haziumizi tumbo sana na hazigusi visahani vya damu vile zingine hufanya, lakini kwa mtu wa moyo ama presha lazima ziangaliwe kwa makini.

Na hii hapa ni ya muhimu: kama ni baridi yabisi ya kinga ya mwili, diklo inatuliza tu maumivu. Haizuii kiungo kuharibika. Dawa za kuzuia ziko, kama methotreksati ambayo kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Kama umeishi kwa diklo mwaka mzima na hakuna mtu amewahi kukupima damu au kukuongelesha kuhusu hizo, uliza.

Usijiongezee pia. Tembe nyingi za kichwa na homa ni mchanganyiko, na zingine zina aspirini ama ibuprofeni ndani. Soma nyuma ya pakiti. Maumivu ya bawasiri yakija, parasetamoli kama Panadol ndiyo salama zaidi kwa tumbo: kwa mtu mzima mwenye ini nzuri, tembe za miligramu 500 zisizidi 8 kwa saa 24. Chunga na unga au majani ya "kumaliza viungo wiki moja" yenye hayana jina la mtengenezaji. Dawa za aina hiyo zimewahi kupatikana sehemu nyingi za dunia zikiwa zimewekwa steroidi ama diklofenaki kwa siri.

KILE UNAWEZA FANYA KWA KEJA

Kwanza ni choo laini. Mtu mzima anahitaji kama gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na huhitaji chakula cha matajiri. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi kubwa ina kama 6. Ongeza githeri, ndengu, sukuma, managu, papai, viazi vitamu na ugali wa unga usiokobolewa. Chipo na smokie kila siku hazitakusaidia. Panda mos mos, usirukie yote siku moja, la sivyo gesi itakuumbua kwa mat.

Maji ni lazima, na si ya choo peke yake. Dawa za uvimbe huchosha figo, na figo zenye hazina maji ndizo huumia haraka. Chakula kikikataa kusaidia, kuna unga wa ispagula kwa kemisti, yenye unakoroga na glasi kubwa ya maji, au dawa ya maji ya laktulozi.

Pili ni tabia ya chooni. Dakika 5 zinatosha. Acha simu nje. Ukikaa hapo ukitazama video 20, mishipa ya huko nyuma inajaa damu na kufura. Haja ikikuita, enda. Isipokuita, usilazimishe.

Tatu, kaa kwa beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, hasa baada ya choo. Hakuna haja ya chumvi wala Dettol. Kisha jipanguse kwa kupigapiga na kitambaa laini, usisugue.

KAMA MAGOTI YAMEKATAA KUCHUCHUMAA

Hii hakuna mtu huiongelea. Mtu wa magoti mabovu akiwa na choo cha shimo huahirisha kwenda juu anajua kushuka na kuinuka ni vita. Akingoja, choo kinakauka, na bawasiri inapata chakula.

Suluhisho si ghali. Fundi wa mtaa anaweza kukata tundu kwa kiti imara cha mbao ukiweke juu ya shimo, au afunge chuma ukutani cha kushikilia. Kama choo chako ni cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yapande kidogo juu ya nyonga, kama hayaumi. Beseni pia lisiwe chini sakafuni. Liweke juu ya kitu kigumu chenye urefu wa kiti, mtu akushike ukikaa.

Na asubuhi usikimbie. Viungo huwa vimekakamaa zaidi saa hizo, lakini baada ya chai ndio utumbo huamka wenyewe. Kunywa chai, nyoosha viungo, tembea ndani ya nyumba, halafu uende choo. Kutembea dakika 20 au 30 kila siku, hata ukigawanya mara tatu, kunasaidia goti na utumbo kwa bei moja.

KRIMU NA VIDONGE VYA KUWEKA NYUMA

Krimu za bawasiri hupunguza muwasho na maumivu, lakini haziondoi chanzo. Zenye steroidi zisizidi siku 7, juu zinakonda ngozi. Usipake jeli ya diklofenaki hapo, wala zile rabu za kuchoma za mgongo. Na kama daktari wa viungo anataka kukupea diklofenaki ya kuweka huko nyuma, mwambie uko na bawasiri. Hizo huchokoza sehemu hiyo na zinaweza kuitoa damu.

Kama hayo yote yamegonga mwamba, kuna kufungwa mpira: daktari anavalisha bawasiri ya ndani kampira kadogo, inakauka na kudondoka yenyewe. Ni kazi ya dakika chache bila kulazwa. Lakini damu inaweza kutoka siku kama 7 hadi 10 baadaye kampira kakidondoka, kwa hivyo lazima ajue unameza dawa gani kabla aanze. Mama mjamzito naye asimeze dawa za uvimbe bila daktari, hasa mimba ikipita wiki 20, hata kama bawasiri na mgongo vinamsumbua pamoja.

UKIFIKA KWA DAKTARI, SEMA HIVI

Watu wengi huenda kwa daktari wa viungo wakanyamazia bawasiri, halafu wanaenda kemisti kununua krimu wakanyamazia diklo. Kila mtu anatibu nusu. Mtu pekee mwenye anajua hizo stori mbili ni wewe.

Beba pakiti zote, hata za miti shamba. Sema: "Nameza hii, mara hizi kwa siku, tangu mwezi huu. Naona damu, rangi ni hii, inatoka hivi. Choo changu kiko hivi." Hayo ni maneno ya nusu dakika. Daktari akitaka kukuangalia na kidole, jua ni kazi yake ya kila siku, na huisha kabla hujamaliza kuona aibu. Unaweza kuomba mtu wa jinsia yako awe ndani.

Goti linaweza kungoja. Hata bawasiri inaweza kungoja wiki moja. Lakini choo cheusi hakingoji asubuhi. Kama umeshika hiyo moja tu, umeshika ya maana. Sasa itumie yule msee wa base mwenye hugeuza maneno kila akiulizwa.